Kifaa cha Kumsaidia Mama Endah

Pak Wasis alikuwa na hakika ya mambo mawili: kwamba hakuna mwenye sikio kali kumshinda katika mtaa mzima wa Melaten, na kwamba mke wake, Bu Lasmini, alikuwa anaelekea kuwa kiziwi.

La kwanza hakulisema peke yake. Tangu alipostaafu kuendesha treni za mizigo, alikuwa mwamuzi wa mashindano ya kuimba ya hua, wale njiwa wadogo, kila Jumapili asubuhi, kwenye uwanja wa nyuma ya soko. Vizimba hupandishwa kwa kamba hadi kwenye ncha za milingoti mirefu, ndege huanza kuimba, na waamuzi hutembea chini yao wakiwa na vibendera vya rangi mikononi, vya kuchomeka kwenye milingoti. Bendera nyeupe ni ya kumfariji mwenye ndege. Ya kijani ni sauti safi. Nyekundu ndiyo inayowakosesha watu usingizi, na Pak Wasis alikuwa bahili wa nyekundu. Alikuwa akisimama chini ya mlingoti, kichwa kakilaza upande, macho kayafumba nusu, mpaka mwenye ndege atokwe jasho. Watu walisema mzee yule husikia pumzi ya hua kabla haijawa sauti.

Hilo la pili alilibaini polepole, kwa huzuni ya mume anayempenda mkewe. Akiwa barazani akaita, "Mama Endah, kahawa," alijibiwa na ukimya. Akiita tena, ukimya. Baadaye kahawa ilikuja, naye Mama Endah nyuma yake kanuna kama mtu aliyeitwa mara kumi. Mezani ilikuwa hivyo hivyo: alimuuliza jambo, akaona midomo yake ikicheza bila sauti. Aliwahi kusikia kwamba kiziwi husahau namna ya kupandisha sauti yake, akajua ndiyo hayo. Hata binti yao Endah, aliyeolewa Balikpapan, alipopiga simu, Pak Wasis alimpa mama yake simu upesi akisema mtandao wa huko ni mbovu, kisha akakaa kando akijiuliza mwanamke yule anasikia nini.

Siku moja alimshauri, kwa upole kabisa, akapimwe masikio. Bu Lasmini alicheka mpaka ikabidi akae chini. Pak Wasis aliona wazi kwamba ugonjwa umeshafika pabaya.

Basi alipokwenda soko la Genteng kutafuta fyuzi ya feni, akaona kwenye duka la Cik Lian mfuko wa plastiki unaoning'inia, una picha ya sikio kubwa, alisimama palepale. Ndani ya mfuko mlikuwa na bodi ndogo ya kijani isiyozidi biskuti, na vijidude vya miguu miwili, vya miguu mitatu, na karatasi ya maelezo. Kilikuwa kikuza sauti cha kuunganisha mwenyewe. Cik Lian, mwanamke mnene asiyeinuka kwenye kiti chake bila sababu nzito, alimuuliza ni cha nani. Pak Wasis alikuwa anaisoma picha. Cik Lian akamuuliza tena. Mara ya tatu aligonga meza kwa bisibisi.

"Cha mke wangu," Pak Wasis alisema. "Masikio yake yamechoka, maskini. Unasema naye mpaka koo likukauke."

Cik Lian aliiweka bisibisi chini. Kisha akasema, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, "Mungu amjalie subira huyo mama."

Alimuuliza pia kama amewahi kulehemu. Pak Wasis alimjibu kwamba mtu aliyeburuta mabehewa ya saruji kutoka Gresik hawezi kushindwa na biskuti. Alinunua na chuma cha kulehemu, na kibonge cha waya wa risasi, akarudi nyumbani na mzigo wake chini ya shati kama mwizi. Alitaka iwe zawadi. Kitu cha dukani mtu yeyote hununua, alijiambia. Hiki kitakuwa cha mkono wa mumewe.

Meza ya barazani, aliyokuwa akisafishia vizimba, ikawa karakana. Mkewe alipokuja kuuliza anafanya nini, alimwambia anatengeneza redio, kwa sauti kubwa na kwa kutamka kila silabi, kama alivyozoea siku hizi. Bu Lasmini alifumba macho kidogo, akarudi jikoni.

Ile karatasi ya maelezo Pak Wasis hakuisumbua sana. Ilikuwa na herufi ndogo, na mambo yenyewe yalionekana: kila kijidude kina matundu yake, kitie, kigeuze, kilehemu. Aliyeyusha risasi kwenye ncha ya chuma, akaidondosha juu ya miguu ile, tone kwa tone, kama mtu anayesimamisha mshumaa kwenye kisahani. Jioni bodi ilikuwa imejaa matone ya kijivu, naye vidole viwili vimevimba malengelenge. Alipotia betri, kapasita moja, kile kijipipa kidogo chenye upande wa kujumlisha na upande wa kutoa, ilifura ikapasuka. Moshi ukatoka, na harufu kama ya nywele zilizoungua. Alimwona Bu Lasmini mlangoni, midomo ikicheza.

"Ni kawaida," alimwambia.

Cik Lian aliipokea ile bodi kwa ncha za vidole. Aliigeuza, akaiweka chini ya taa, akamwita na muuza viatu wa duka jirani aje aone.

"Pak, hii siyo lehemu. Haya ni mavi ya mbuzi."

Muuza viatu alikubali kwamba yanafanana sana. Cik Lian alipomaliza kufurahi alichukua chuma chake mwenyewe na kumwonyesha. Risasi haidondoshwi. Unapasha moto mguu wa kijidude na bodi, vyote kwa pamoja, unahesabu kidogo, ndipo unaigusisha risasi pale penye moto, siyo kwenye chuma. Ikikubali, inakimbia yenyewe, inaukumbatia mguu na kukaa kama kijilima chenye kung'aa. Ikikataa inabaki bonge, na bonge halipitishi umeme hata ulitukane. Kapasita nayo ina mbele na nyuma, na karatasi imeandika hivyo kwa Kiindonesia safi.

Pak Wasis alinunua mfuko mwingine. Lakini safari hii hakuufungua. Alikaa na ile bodi iliyokufa, akang'oa matone yake moja moja na kulehemu upya, kujifunza tu. Mchana wa kwanza alipata mabonge. Mchana wa pili, akiwa karibu kukata tamaa, alipasha, akangoja, akagusisha, na risasi ikakimbia. Ilikuwa ya kijivu, mara ikawa fedha, ikauzunguka mguu na kutulia. Pak Wasis aliinua chuma na kubaki akitazama. Maisha yake yote alikuwa amevuta vitu vilivyotengenezwa na wengine, akavifikisha mahali na kuviacha huko. Hakuwahi kumaliza siku akiwa na kitu mkononi, aseme hiki nimekifanya mimi. Alifanya kingine, kikakubali. Alianza kuupenda hata ule moshi wenye harufu ya utomvu. Alisoma karatasi ya maelezo mara nne, ndipo akaufungua ule mfuko mpya, na kiwiko chake kikaacha alama mezani.

Kifaa kilikamilika Jumanne, Bu Lasmini akiwa jikoni anakamua tui la nazi. Pak Wasis alikitia kwenye kikopo cha marashi alichokitoboa, akachomeka visikilizio, akavivaa masikioni ili akijaribu kabla ya kumpa mwenyewe. Alizungusha kitufe.

Kwanza palikuwa na mvumo. Halafu kishindo, kimoja baada ya kingine, kizito, kisichokoma. Alidhani amekosea mahali. Alikagua bodi yote kwa jicho moja kabla ya kugundua kwamba kishindo kile ni saa ya ukutani, aliyojua siku zote kwamba ni ya aina isiyopiga kelele. Alijisogeza, na shati lake likasikika kama mtu anayepasua magunia. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, karibu kabisa, kana kwamba amekaa begani mwake:

"Haya, kaa hapo hapo na moshi wako. Ukimaliza kuunguza vidole uunguze na nyumba, tulale kwa jirani."

Pak Wasis aligeuka. Bu Lasmini alikuwa mbali, jikoni, kampa mgongo, anachuja tui. Alivitoa visikilizio: kimya. Akavirudisha.

"Na samaki huyu humtaki, najua. Utamla hivyo hivyo."

Akavitoa. Kimya. Aliita, kwa sauti ambayo sasa aliionea shaka, "Mama Endah, kahawa," na upesi akavirudisha masikioni.

"Nakuja, Baba Endah, nina mikono miwili tu," ilisema ile sauti, papo hapo, bila kukawia hata kidogo, kwa uchovu wa mtu aliyesema hivyo kila siku kwa miaka mingi.

Kahawa ilikuja. Pak Wasis alikuwa ameshaficha visikilizio chini ya kitambaa cha vizimba. Alisema asante.

Mtu mwingine angesema siku hiyo hiyo. Yeye alijiambia kwamba kifaa bado kinahitaji majaribio. Majaribio yalichukua siku kadhaa. Alikaa barazani na kikopo mfukoni, waya umepita ndani ya shati, kofia imefunika masikio, na akasikiliza nyumba yake. Mkewe alikuwa anaongea. Alikuwa anaongea mfululizo, kwa sauti ya chini, kama watu wanavyoongea na paka au na sufuria. Alijibu kila alichoulizwa. Alimweleza habari za dada yake wa Lamongan, na hasira zake kwa muuza tempe, zile keki za soya za kukaanga, na namna goti lake linavyouma akipanda ngazi. Alimtukana pia, lakini bila chuki, kama anavyoondoa vumbi. Mchana mmoja, akipita na ndoo nyuma ya kiti chake wakati Pak Wasis akijifanya analehemu, alisema, "Ulimi nje kama mtoto wa shule. Basi ndivyo ulivyokuja kuniposa." Pak Wasis aliinamia bodi ili asionekane uso.

Ijumaa alisikia na lile lililobaki. Bu Kasiyem wa nyumba ya pili, aliyeegemea ukuta akimenya vitunguu, aliuliza kwa nini Bu Lasmini hamwambii tu mzee wake ukweli.

"Nimwambie ili iweje?" Bu Lasmini alijibu. "Anaamini kiziwi ni mimi. Mwache. Nikimwambia ni yeye, Jumapili ataenda wapi? Wale ndege ndio afya yake."

"Sasa huwa anaamuaje?"

"Anaangalia koo la ndege linavyotuna. Na uso wa mwenye ndege. Waya zake zimekatika, lakini macho anayo."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha kirafiki, na hicho ndicho kilichomchoma zaidi. Usiku huo hakulala vizuri. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipomsikia hua akiwa juu ya mlingoti, amsikie kweli, na akagundua kwamba anachokikumbuka ni hua wa marehemu baba yake. Wimbo ule ndio aliokuwa akiwavisha ndege wa watu, Jumapili baada ya Jumapili. Hakuwa amedanganya. Aliona koo likituna, na wimbo ukamjia wenyewe kichwani, mzuri kila mara, kwa ndege yeyote mwenye koo la kutuna.

Angeweza kujiuzulu kwa kisingizio cha goti. Badala yake alibadilisha betri. Alijiona kama mtu aliyepewa nafasi ya kulipa: kwa mara ya kwanza tangu ashike vibendera, mashindano yale yatakuwa na mwamuzi anayesikia.

Jumapili ile uwanja ulijaa. Bingwa wa misimu mitatu alikuwa ndege wa Pak Kusdi, mwenye stoo ya mchele, ndege aitwaye Raden Emas, na bendera nyekundu zote za misimu hiyo zilitoka mkononi mwa Pak Wasis. Alisimama chini yake, akalaza kichwa, akafumba macho nusu. Umati ukanyamaza. Raden Emas alitunisha koo kwa fahari, na kilichotoka kilikuwa kama bawaba ya mlango wa choo. Pak Wasis alizungusha kitufe akidhani ni kifaa. Hakikuwa kifaa. Ndege alianza vizuri, akakwama katikati, akamalizia kwa kukoroma.

Pak Wasis alimchomekea bendera nyeupe. Alisikia umati ukivuta pumzi, na kusikia huko nako kulikuwa kugeni kwake.

Mwisho wa safu, kwenye mlingoti uliopinda, palikuwa na hua wa Mat Sakur, Mmadura anayeziba pancha za baiskeli karibu na kituo cha treni. Ndege mdogo, koo halituni. Pak Wasis alikuwa amempita misimu yote bila kusimama. Sasa alisimama kwa sababu miguu ilikataa kuendelea. Sauti ilishuka kutoka juu safi, imeviringika, yenye nafasi katikati ya kila neno, na mwisho wake ulining'inia kidogo hewani kabla haujaondoka. Hakuwa hua wa baba yake. Huyu aliimba kuliko yule. Pak Wasis alichomeka bendera nyekundu, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Wa kwanza kumfuata alikuwa Mat Sakur mwenyewe, kafedheheka. "Pak, samahani," alinong'ona, "nadhani umekosea mlingoti. Huyu nimeshakubaliana na shemeji tubadilishane kwa kuku."

Kisha akaja Pak Kusdi, ambaye hakunong'ona. Kisha mtu akauona waya. Ikasemwa kwamba mzee anasikiliza mpira kazini. Ikasemwa kwamba ni mtambo, na mtambo huo ndio uliomharibu. Ikasemwa, na wale waliomheshimu zaidi, kwamba masikio yale ya ajabu hatimaye yameisha, na kwamba inasikitisha. Mwenyekiti wa kamati, Pak Darsono, alimchukua kando chini ya turubai, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pak, uzee hauna aibu," alisema. "Umetusikilizia miaka mingi. Sasa yapumzishe masikio."

Pak Wasis alifungua mdomo. Alikuwa na jibu zuri, na la kweli. Lakini ili kuthibitisha kwamba leo anasikia ingebidi aseme kwamba jana hakusikia, wala juzi, wala siku alizogawa makombe ambayo sasa yamepangwa kwenye makabati ya watu pamoja na picha za harusi. Aliufunga mdomo. Walimpigia makofi, wakampa kitambaa cha batiki kilichokuwa kimeandaliwa kwa ajili ya mgeni rasmi, na wakampa jina la heshima ambalo lingeandikwa kwenye ubao wa kamati: Sikio la Dhahabu. Bendera nyekundu ilihamishiwa kwa Raden Emas kabla Pak Wasis hajafika getini. Mat Sakur alipumua, na alasiri hiyo akapata kuku wake.

Bu Lasmini alikuwa akifagia uani alipomwona anaingia na kitambaa begani. Hakuinua kichwa. Alisema tu, kwa sauti yake ya paka na sufuria, "Mapema leo. Wamekufukuza?"

"Wamenifukuza kwa heshima," Pak Wasis alisema.

Ufagio ulisimama. Bu Lasmini aliinuka polepole, akamtazama, akauona ule waya unaotoka kwenye kola na kupanda sikioni.

"Unasikia tangu lini?"

"Jumanne."

Alimwona akiirudia Jumanne kichwani, halafu Jumatano, halafu Alhamisi. Alipofika Ijumaa aliweka mkono mdomoni.

"Nilikitengeneza kwa ajili yako," Pak Wasis alisema, akavivua visikilizio na kumvalisha. Bu Lasmini alivumilia kidogo tu, kisha akavitoa kama mtu aliyeng'atwa, akasema kelele zote hizi mtu anazifanyia nini. Akaigeuza ile bodi kwenye kikopo chake, akavitazama vile vijilima vinavyong'aa kimoja kimoja, na kusema kwamba kazi ni safi. Hilo Pak Wasis alilisoma kwenye midomo, na huenda alilisoma vibaya, lakini hakuomba lirudiwe.

Kilichofuata hakukitegemea. Nyumba ilinyamaza. Siku ile na siku zilizofuata alikaa barazani na kifaa chake, akasikia saa, akasikia sufuria, akasikia mafuta yakichacharika chini ya tempe, ila mkewe hakumsikia. Akiuliza jambo alijibiwa, vizuri, kwa adabu, kama mgeni. Mambo ya dada wa Lamongan hayakuja tena, wala matusi. Alimsihi aongee kama zamani.

"Niongee nini, na wewe unasikiliza?" Bu Lasmini alimuuliza, na hakuwa anatania. Mtu aliyezoea kusema atakavyo kwa miaka yote hiyo hawezi tu kuanza kupima maneno. Ni kama kuoga mbele ya watu.

Pak Wasis alivumilia mpaka mwisho wa wiki. Jumapili, badala ya kwenda uwanjani, alikaa mezani asubuhi nzima, akavua visikilizio, akavizungushia waya wake vizuri na kuviweka juu ya meza, mahali ambapo mtu akiwa jikoni anaviona. Alikunja mikono, akatazama barabara. Baada ya muda aliona kwa pembe ya jicho midomo ikianza kucheza. Kidogo kwanza, kwa kupima, halafu kwa kasi. Bu Lasmini alikuja na mboga zake, akakaa naye barazani, akaongea. Aliongea kwa mikono na kwa nyusi. Pak Wasis alitikisa kichwa pale alipodhani panafaa, na alikuwa na furaha.

Mahali fulani katikati Bu Lasmini alimwomba aanue nguo, maana wingu lilikuwa limekaa vibaya upande wa bandarini. Pak Wasis alimtazama kwa mapenzi, akaitikia, na akabaki pale pale mpaka mvua ilipozinyeshea shuka zote.